Mtoto Hagombezwi, Anaelekezwa

Hakuna watu wanaojua kumrudisha mtoto kama watu wenye adabu zao. Begi limepangwa, nguo zimepigwa pasi, mswaki umefungiwa kwenye mfuko wake, na mtoto mwenyewe kasukwa nywele upya utadhani anapelekwa harusini. Anti Semina alilitazama begi lile lililowekwa sakafuni mwa ofisi yake, akawatazama na waliolileta, akajisemea moyoni: haya, waungwana, mwageni hiyo asali yenu.

Jina la Anti Semina alipewa na watoto wa makao ya serikali, palepale penye ofisi yake. Mwenyewe alikuwa afisa wa ustawi wa jamii, na kazi yake ilikuwa kuwatafutia familia watoto walio mikononi mwa serikali, wengine walelewe kwa muda, wengine waasiliwe moja kwa moja wawe wa nyumba ile. Kila Jumamosi aliwakusanya waombaji ukumbini akawapa semina, na katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kukutana na mwombaji aliyemheshimu. Angewaheshimu vipi? Kuna aliyetaka mtoto mwenye rangi ya kung'aa, ili afanane na makochi sijui. Kuna aliyetaka mchanga kabisa, tena asiyelia. Eti asiyelia! Si ukanunue mdoli, mama? Kuna bwana mmoja mwenye tai aliyenyoosha mkono kuuliza kama mtoto akiwa mzito darasani kuna utaratibu wa kubadilishiwa. Mchagua nazi hupata koroma, Anti Semina alimwambia kimoyomoyo, huku mdomo wake ukisema, "Asante kwa swali zuri."

Hawa wa leo walikuwa Daktari wa Meno na mkewe. Wote wawili walikuwa na meno meupe kupita kiasi, na waliyaonyesha hata pale pasipo na la kuchekea.

"Hatusemi kwamba ni mtoto mbaya," alianza Daktari.

"Hata kidogo," mkewe akadakia. "Ni mtoto mzuri sana. Ila tumeona hatuendani naye."

Hatuendani. Kama viatu vinavyobana. Anti Semina aliuma ndani ya shavu asije akasema neno litakalompotezea kazi.

"Amefanya nini?"

Mke alishusha sauti. "Alimwaga chai kwenye kapeti. Kapeti jeupe, lile uliloliona ulipokuja kukagua. Na si bahati mbaya, alikuwa anatutazama machoni huku anamwaga."

"Nanyi mkafanyaje?"

Hapo wawili wale walitazamana, na fahari ikawajaa mpaka wakakaa sawa kwenye viti. "Hatukufanya lolote," Daktari akasema. "Tangu aje hatujamgombeza hata siku moja. Tumefuata semina yako neno kwa neno."

Akanyoosha kidole ukutani. Nyuma ya kiti cha Anti Semina palikuwa na bango kubwa lenye herufi za buluu: MTOTO HAGOMBEZWI, ANAELEKEZWA. Bango hilo Anti Semina alilitunga mwenyewe, na lilibandikwa katika kila ofisi ya idara. Alilipenda. Alikwishawaona watoto waliovunjwa moyo kwa midomo ya watu, kwa hiyo kuwasikia waombaji hawa wakilinukuu kujitetea kulimuudhi kuliko kapeti.

Wakasimama, wakampa mkono, wakamwambia Mungu ambariki kwa kazi yake ngumu. Walipopita kwenye korido mke aliinama, akampapasa mtoto shavu akasema, "Kwaheri mgeni wetu," kisha visigino vyake vikagonga ngazi kwa haraka. Mtu anayekimbia mvua hakimbii vile.

Mtoto mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi. Msichana wa miaka tisa, mwembamba, mwenye macho ya kupima watu. Mpishi wa makao alipita na sufuria mkononi, akamwona, akaangua kicheko. "Ebo! Risiti karudi tena!"

Hilo ndilo jina alilompa. Bidhaa yenye risiti hurudishwa dukani, ndiyo maana yake, na mpishi aliona kachekesha mno. Maana hii haikuwa mara ya kwanza. Kabla ya Daktari, alikaa kwa mkandarasi mmoja mwenye nyumba ya ghorofa, akatumbukiza funguo za gari chooni. Mkandarasi naye hakupandisha sauti. Alitabasamu, akatoka nje, akapiga simu.

"Wewe nenda kachochee moto wako," Anti Semina akamfukuza mpishi, kisha akakaa benchini. "Haya, niambie. Kwa nini ulimwaga chai?"

"Nilitaka nione."

"Uone nini?"

Risiti alivuta zipu ya begi mbele na nyuma. "Pale kwao kuna kaka, mtoto wao. Alivunja tivii na mpira. Anti, aligombezwa yule! Mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Mama yake akamwambia, utaniua wewe mtoto, sijui nilikuzaa wa nini, toka mbele yangu. Halafu chakula kilipoiva wakamwita, akala, akaongezewa."

"Sasa?"

"Sasa na mimi nikamwaga chai. Wakanyamaza. Wakasema si kitu, si kitu, mgeni wetu. Baba akatoka nje na simu." Akaiacha zipu. "Mimi hawakunigombeza."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtoto anayesema wenzake wamenunuliwa viatu yeye hakununuliwa. Anti Semina alimshika bega, akamwambia alichokuwa akiwaambia watu wote kila Jumamosi. "Hapo walifanya vizuri. Mtoto hagombezwi."

Risiti alimtazama. Jicho lile Anti Semina alilijua fika, maana lilikuwa lake mwenyewe: ndilo alilokuwa akiwatazamia waombaji. Mtoto wa miaka tisa alikuwa amemdharau, tena dharau iliyokamilika, kisha akabeba begi lake akaenda bwenini bila kuagana.

Bosi wa idara hakuwa na muda wa mambo ya chai na kapeti. Alikuwa mtu wa takwimu. Ungemwambia mtoto analia, angekuuliza ni asilimia ngapi. Alimwita Anti Semina ofisini kwake, kwenye feni iliyompulizia yeye peke yake.

"Huyu msichana anatuharibia takwimu," alisema. "Mara ya kwanza tukavumilia. Mara ya pili, haya. Akirudi mara ya tatu namhamishia kituo kikuu."

Kituo kikuu kilikuwa mbali, majengo marefu ya rangi ya kijivu, vitanda vimepangwa mpaka macho yachoke. Walikaa huko watoto wakubwa mpaka wafikie umri wa kutolewa nje na cheti na godoro. Hakuna mwombaji aliyewahi kufunga safari kwenda kule kutafuta mtoto. Aliyeingia kule hakuwa anasubiri familia tena.

"Nipe nafasi moja, bosi."

"Una mwombaji gani? Watoto wakubwa hawatakwi, unajua. Tena mwenye historia."

Anti Semina aliona haya hata kulitaja jina. "Yupo mmoja tu. Mama Breki."

Bosi alicheka mpaka kiti kikalia.

Mama Breki alikuwa mwalimu wa udereva. Siku ya usaili alichelewa, akaacha gari linanguruma nje, akaingia anatafuna ubani wa bazoka. Anti Semina alimuuliza akikasirika hufanya nini. "Napiga kelele," akajibu. Akaulizwa kama huwa anapiga na mkono. "Mkono wa nini? Mimi kutwa nimekaa na watu wazima wanaokanyaga mafuta wakidhani ni breki, na sijampiga hata mmoja. Nina mdomo, mama. Mungu alinipa mdomo mpana, nautumia." Hapo hapo simu yake ikalia, akamfokea mtu kuhusu tairi, akarudi kuuliza, "Tulikuwa wapi?" Anti Semina alimwona mshamba asiye na staha, mwanamke aliyefunga breki kila mahali isipokuwa mdomoni, akamtupa chini kabisa ya waombaji wote. Na sasa maji yamemfika shingoni, ndiye huyo huyo wa kumwendea.

Alikwenda kukagua nyumba akiwa amekunja pua tangu kwenye kona. Uani kulikuwa na matairi yaliyopakwa chokaa, koni za plastiki, na gari kuukuu lenye herufi L kubwa mbele na nyuma. Gari hilo lilikuwa na pedali za ziada upande wa mwalimu, maana wanafunzi wa mama yule walihitaji kuokolewa kila baada ya dakika. Ndani kulikuwa na mumewe, fundi saa, mtu mwenye sauti ndogo kiasi kwamba ulilazimika kumsogelea ili umsikie anakupa shikamoo. Inaonekana mke alizungumza kwa niaba ya wote wawili. Chumba cha mtoto kilikuwa safi, kitanda kipo, dirisha lina wavu. Hakukuwa na cha kukataa, na Anti Semina alitafuta.

"Sikiliza," alimwambia Mama Breki akiwa mlangoni. "Mtoto huyu amerudishwa mara mbili. Mara hii akirudi hana pengine pa kwenda. Kipindi hiki chote cha majaribio sitaki kelele. Nikisikia umemfokea, mara moja tu, namchukua. Umeelewa?"

Mama Breki alitafuna bazoka yake, akatafuna, akameza kitu ambacho bila shaka hakikuwa bazoka. "Nimeelewa," akasema.

Siku ya kumpeleka, Anti Semina alingoja kusikia mtoto anakaribishwa. Wote waliotangulia walikaribisha: karibu mpendwa, karibu nyumbani, jisikie upo kwako, na maua mezani. Mama Breki alitoka jikoni na ufagio, akamtazama msichana juu mpaka chini. "Viatu viache hapo nje," alisema. "Hujaona nimedeki? Begi peleka chumba kile cha mwisho, kisha uje unishikie ndoo."

Basi! Hata karibu hakuna. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu hata kivuli cha mgeni hakijatulia ukutani keshapewa ndoo. Anti Semina aliondoka amejaa sumu, na njia nzima alimhesabia Mama Breki makosa yake, na alipoyamaliza akaanza ya mumewe, ingawa maskini yule kosa lake lilikuwa moja tu, kunyamaza.

Alizuru mara kadhaa, kwa taarifa, na kila alipokwenda alikuta utulivu. Mama Breki amefumba mdomo, mishipa ya shingo imemsimama, anasema "tafadhali mwanangu" kwa shida ya mtu anayemeza kidonge bila maji. Risiti naye hakuwa na raha. Alikuwa mpole mno, anajibu ndiyo na hapana, na macho yake yanazunguka nyumba yakitafuta. Anti Semina alijua yanatafuta nini. Yanatafuta chai ya kumwaga.

Ndipo siku moja akaenda bila kutoa taarifa, saa za mchana, na kelele akazisikia akiwa bado kwenye kona.

Alikimbia, na viatu vyake vya ofisini vikamwadhibu. Geti halikuwepo mahali pake. Lilikuwa limelala mtaroni, na juu yake lilikuwa limepanda lile gari la herufi L, pua chini, makalio juu. Uani majirani walijazana kwenye ukuta wa pili kupata uhondo. Katikati alisimama Risiti, na mbele yake Mama Breki, mdomo wazi, hakuna cha breki wala cha nini.

"Wewe mtoto! Wewe mtoto wewe! Hivi kichwani mna ubongo au mna maji ya betri? Nani alikutuma kuachia breki ya mkono? Eh? Unaniangalia huku unaiachia! Nimefundisha wanaume wenye ndevu, nimefundisha wazee wasioona mbele, hakuna aliyening'olea geti! Uje uning'olee wewe, wa kimo hiki? Na lingekupitia miguuni, ningekuzoa na nini, na kijiko? Ungenifanya niwe nani mimi? Usinilie hapo! Machozi weka akiba, bado kuna ya kesho! Umeumia? Lete mkono. Lete huo mwingine. Geuka. Hujaumia. Bahati yako hujaumia, ungenitambua! Na hilo geti tutalipaka rangi mimi na wewe, na wewe utapaka kule chini kwenye matope, ujue!"

Machozi na kamasi vilikuwa vinashindana usoni mwa Risiti. Lakini hakuwa amejikunja, wala hakuwa anatafuta pa kukimbilia. Alikuwa amesimama wima, kichwa juu, anasikiliza kila neno kama mtoto anayesomewa matokeo ya mtihani, na amefaulu.

Anti Semina hakuliona hilo mapema. Alichoona ni sharti lake limevunjwa mchana kweupe. "Inatosha!" alipaza sauti. "Nilikwambia mara moja tu! Wewe, mwanangu, kachukue begi lako."

Hata majirani walisahau kutafuna walichokuwa wanatafuna.

Risiti alimtazama Anti Semina, akautazama mlango wa chumba cha mwisho. Kisha akapiga hatua, si kuelekea chumbani. Alikwenda nyuma ya Mama Breki, yule yule aliyekuwa anamtoa roho kwa mdomo, akashika blauzi yake kwa mikono miwili na kujificha.

"Begi gani?" Mama Breki akauliza. Sauti ilikuwa imeshuka, na ilipotoka chini ilitisha zaidi. "Aende wapi?"

"Sharti letu ulilijua."

"Nalijua. Nimelimeza sharti lako mpaka likanivimbisha tumbo, muulize mume wangu. Lakini wewe mwanamke una akili kweli? Unamchukua katikati? Mimi bado sijamaliza kumgombeza! Na leo simalizi, na kesho simalizi. Huyu nitamgombeza mpaka aolewe, na huyo atakayemuoa nitamgombeza pia. Unachukua mtoto wa mtu hajamalizwa kugombezwa, unampeleka wapi?"

Fundi saa alisogea, akamnong'oneza Anti Semina sikioni, kwa adabu kubwa, "Mwache amalize, dada. Ukimkatiza huwa anaanza upya."

Na kutoka nyuma ya blauzi ikatoka sauti ndogo, nzito kwa kamasi. "Anti, hajamaliza."

Anti Semina alisimama pale. Alikumbuka kapeti jeupe, na tabasamu la Daktari, na mkandarasi aliyetoka nje na simu yake. Wote hawakupandisha sauti. Nani humgombeza mgeni? Mgeni huambiwa si kitu, si kitu, kisha husindikizwa. Na wote walijifunza wapi kunyamaza vizuri namna ile? Alilikumbuka bango lake, zile herufi za buluu alizojivunia katika kila ofisi, akalidharau kuliko alivyowahi kumdharau mwombaji yeyote, na waliopata dharau yake walikuwa wengi.

Mkobani simu ikalia. Bosi. Anataka takwimu za mwezi, kama kawaida yake, na anataka kujua yule wa kituo kikuu ahamishwe lini, maana nafasi imepatikana, naye alikwisha mhesabu kuwa atarudishwa. Wakati huo huo Mama Breki aliona amengoja vya kutosha, akavuta pumzi, akaendelea alipoishia. "Na hizo ndala! Nani alivaa ndala zangu akaziacha mvuani?"

"Hizo kelele za nini?" Bosi akauliza kwenye simu. "Uko wapi wewe? Nani anafokewa hivyo?"

Anti Semina alimtazama msichana. Alikuwa ametoka nyuma ya blauzi, amerudi mbele, amesimama mahali pake pa kugombezewa. "Si mimi," alikuwa anajibu, tena kwa ujeuri. "Ndala aliacha baba."

"Hakuna anayefokewa, bosi," Anti Semina akasema. "Mtoto anaelekezwa."

"Anaelekezwa? Kwa sauti hiyo?"

"Anaelekezwa vizuri sana. Hiyo nafasi ya kituo kikuu mpe mwingine, au iache tupu." Akakata simu kabla hajaulizwa asilimia.

"Na wewe!" Mama Breki alikuwa amemgeukia, kidole kimenyooka. "Umesimama kwenye maua yangu na hivyo visigino! Huoni? Toa mguu!"

Anti Semina alitoa mguu.